Sanamu za udongo na michoro ya mkono: mambo ya kujua kabla ya kuvusha mzigo wa wasanii mpakani

Wasafirishaji wanaopita Namanga, Busia, Mutukula na Rusumo wamezoea mizigo inayohesabiwa kwa magunia na tani. Mteja akija na makasha matano tu, na akaanza kwa kuuliza kama dereva wako ni mtu wa mbio, ujue huenda ni msanii au mwenye jumba la maonyesho ya sanaa, au galari kama wengi wanavyoita. Ndani ya makasha mna sanamu za udongo uliochomwa na michoro ya kalamu iliyochukua miezi kukamilika. Tarehe ya ufunguzi wa maonyesho imeshatangazwa na wageni wamealikwa. Kitu kimoja kikivunjika, hakuna duka la kwenda kununua kingine cha kufanana nacho.

Mzigo wa namna hii hulipa vizuri kwa kilo, lakini umewatia hasara wengi waliouchukulia kama mzigo wa vyungu. Hasara hutoka sehemu mbili: barabarani, na mezani kwa afisa wa forodha. Makala haya yanaeleza zote mbili, na tuanze kwanza na mzigo wenyewe, kwa sababu mtu asiyejua anachobeba hawezi kukifunga vizuri wala kukitaja kwa jina lake mpakani.

Mzigo unatoka wapi na unakwenda wapi

Biashara ya galari si mpya katika ukanda wetu. Nommo mjini Kampala ilianzishwa mwaka 1964, na Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965. Kampala ina pia Afriart, iliyoanza mwaka 2002, na Nairobi ina Circle, iliyoanzishwa mwaka 2012. Dar es Salaam ipo Nafasi, eneo la Mikocheni, iliyoanza mwaka 2008, ambako wasanii hufanyia kazi ndani ya makontena. Msafirishaji akifika pale atajiona yuko nyumbani. Chuo Kikuu cha Makerere kimefundisha sanaa tangu mwaka 1937, na ufinyanzi ni moja ya masomo yake, kwa hiyo wafinyanzi waliosomea kazi hiyo wametoka Uganda kwa miaka mingi.

Mara nyingi sanamu na michoro husafiri pamoja. Mchongaji au mfinyanzi huchora kabla ya kufinyanga: huchora umbo kutoka pembe mbalimbali, hupima shingo, hupima tumbo la chungu. Michoro hiyo yenyewe ni kazi ya sanaa na ina wanunuzi wake. Wapo pia wasanii wa kalamu ya risasi na wino wanaochora uso wa mtu au mti mmoja kwa mistari midogo maelfu, kazi ya wiki kadhaa kwenye karatasi moja. Mwenye galari hupenda kuweka vyote viwili kwa sababu sanamu hujaza sakafu na michoro hujaza ukuta. Tena mteja asiyeweza kununua sanamu anaweza kuondoka na mchoro.

Kwa msafirishaji maana yake ni kwamba gari moja linabeba mizigo yenye maadui tofauti. Udongo uliochomwa huogopa mtikisiko. Karatasi huogopa unyevu, na kwa anayepanda kutoka Tanga au Mombasa kwenda bara, unyevu huanza kabla hajawasha gari.

Udongo uliochomwa ni nini hasa

Udongo wa mfinyanzi ukikauka tu bila kuchomwa bado ni udongo. Ukiugusa na maji unarudi kuwa tope, na ukiugonga kidogo unapukutika. Usikubali kamwe kusafirisha kitu ambacho hakijachomwa, hata msanii akikubembeleza kwamba tanuri liko upande wa pili wa mpaka. Ukichomwa kwenye joto la karibu nyuzi 900 hadi 1,000 za Selsiasi unakuwa udongo mwekundu kama wa vyungu na matofali, wenye vinyweleo, unaonyonya maji na kumeguka kwa urahisi. Ukichomwa hadi 1,200 na kuendelea, aina fulani za udongo hukaza na kuwa kama jiwe. Huo wa pili huvumilia safari zaidi, ila ni mzito.

Sanamu nyingi za wasanii wa kwetu ni za aina ya kwanza, kwa sababu ndiyo asili ya ufinyanzi wetu. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, pwani ya Ziwa Nyasa, hufinyanga kwa mkono na kuvusha vyungu vyao kwa mtumbwi hadi soko la Matema. Mtumbwi, kwa kweli, ni chombo kizuri kwa vyungu kuliko Fuso, kwa kuwa maji hayana matuta.

Ili kuona ufinyanzi wa mkono unaweza kufika wapi kibei, mtazame Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Alikwenda Uingereza mwaka 1971, na miaka michache baadaye akaenda Abuja, Nigeria, kujifunza katika kituo cha ufinyanzi kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew. Huko alijifunza kwa wanawake wafinyanzi akiwemo Ladi Kwali, ambaye picha yake akiwa kazini imewekwa nyuma ya noti ya naira 20. Odundo hatumii gurudumu. Huinua chungu kwa kuvuta na kubandika udongo kwa mkono, hukipaka udongo laini uliochujwa, kisha hukisugua hadi king'ae bila kukipaka rangi ya kioo. Kikichomwa mara moja penye hewa ya kutosha hutoka chekundu au cha rangi ya machungwa. Kikirudishwa kwenye moto ulionyimwa hewa, huwa cheusi. Kazi zake ziko katika makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani, zilionyeshwa katika maonyesho ya Venice ya mwaka 2022, na kwenye minada chungu chake kimoja hupita bei ya lori zuri.

Tazama sasa umbo lake kwa jicho la mpakiaji: kitako kidogo cha mviringo, tumbo pana, shingo nyembamba, mdomo uliotandazwa. Uzito wote uko juu na pa kushika ni hapo hapo panapovunjika. Wasanii wengi wa Afrika Mashariki hufanya kazi katika njia hiyo hiyo, na uso uliosuguliwa hivyo huchukua alama hata ya kidole chenye jasho. Kwa hiyo sanamu hainyanyuliwi kwa shingo, mkono wala sikio. Inanyanyuliwa kwa mikono miwili, mmoja chini ya kitako na mwingine kwenye tumbo, mikono ikiwa safi na mikavu.

Jina linaloandikwa kwenye fomu

Mwezi Oktoba 1926 meli moja ilitia nanga New York ikiwa na sanamu ya shaba iliyong'arishwa ya Constantin Brancusi, msanii wa Romania aliyeishi Paris. Iliitwa ndege, lakini haikuwa na mabawa, mdomo wala manyoya. Ilikuwa umbo refu jembamba lililosimama. Sheria ya Marekani iliruhusu kazi za sanaa kuingia bila ushuru. Maafisa wa forodha waliitazama wakakataa kwamba ni sanaa, wakaiweka katika fungu la vyombo vya jikoni na vifaa vya hospitali, na kudai ushuru wa asilimia 40. Kesi ilikwenda mahakamani, na mwezi Novemba 1928 mahakama ikaamua kwamba ile ni kazi ya sanaa. Miaka miwili ilikuwa imekwisha.

Mfanyabiashara wa leo hana miaka miwili, lakini swali la afisa ni lile lile: hiki ni kitu gani? Katika orodha ya kimataifa ya namba za bidhaa, ambayo nchi zetu zote zinaitumia, sanamu halisi iliyotengenezwa na msanii iko kwenye namba 9703, hata ikiwa ya udongo. Pambo la kauri la kawaida liko 6913. Vyombo vya mezani na jikoni vya kauri viko 6911 au 6912. Mchoro uliofanywa wote kwa mkono uko 9701. Chapa zilizopigwa kutoka kwenye bamba lililochongwa na msanii kwa mkono ziko 9702, na picha za kupigwa kwa mashine ziko 4911.

Hapa kuna mitego miwili inayostahili kuelezwa kwa urefu kidogo.

Wa kwanza ni kwenye 9703 yenyewe. Maelezo ya sura ya 97 yanasema wazi kwamba namba hiyo haihusu nakala zinazotolewa kwa wingi, wala kazi za mikono za kawaida zenye sura ya kibiashara, hata kama zimebuniwa au kutengenezwa na msanii. Maana yake, msanii mwenye jina kubwa akifinyanga tembo 200 wanaofanana kwa ajili ya duka la watalii, hao ni mapambo ya kauri. Akifinyanga tembo mmoja kwa maonyesho, akatia saini chini yake, huyo ni sanamu. Sahani aliyonunua dukani na kuipaka michoro inabaki sahani. Usichanganye aina hizo kwenye kasha moja na ankara moja kwa kuandika "vitu vya sanaa". Afisa akikuta kikombe kimoja cha chai katikati ya sanamu kumi ana haki ya kutilia shaka orodha nzima, na mimi nisingemlaumu.

Mtego wa pili ni wa michoro. Mchoro wa kina wa jumba la kale la Lamu au wa injini ya gari moshi unaweza kudhaniwa ni ramani ya mhandisi au msanifu wa majengo, ambayo iko kwenye namba 4906, sehemu nyingine kabisa ya orodha. Andika kwenye ankara kwamba ni mchoro wa sanaa uliofanywa kwa mkono, taja kama ni kalamu ya risasi, wino au makaa, taja vipimo, mwaka na jina la msanii. Fremu ya kawaida iliyozunguka mchoro huhesabiwa pamoja na mchoro. Fremu isiyo ya aina au thamani ya kawaida kwa mchoro huo huhesabiwa peke yake.

Kuna jambo jingine linalofanana na hilo. Chungu kipya kilichotengenezwa kwa njia ya zamani kinaweza kuonekana cha kale, na vitu vya kale vina sheria zake: Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 na Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, na kutoa vitu hivyo nje ya nchi bila kibali ni kosa. Barua ya msanii yenye saini, inayosema kazi fulani ilikamilika mwaka fulani, pamoja na picha yake akiwa anaitengeneza, humaliza mjadala huo kwa dakika tano.

Njia za kuvusha

Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haitozwi ushuru wa forodha ikivuka kwenda nchi nyingine ya Jumuiya, mradi iwe na Cheti cha Uasili wa Bidhaa. Sanamu iliyofinyangwa Kisumu kwa udongo wa Kisumu ni mfano safi wa bidhaa ya asili ya Jumuiya. Kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 upo utaratibu wa cheti kilichorahisishwa, ambacho hugongwa mhuri na forodha mpakani. Bila cheti, mzigo wako unahesabiwa kama umetoka nje, na ushuru wa pamoja wa Jumuiya una ngazi nne tangu Julai 2022: 0, 10, 25 na 35. Bidhaa za kauri ni miongoni mwa zilizoguswa na ngazi ya 35 mwaka huo, kwa hiyo usichezee karatasi.

Hata hivyo, kufutwa kwa ushuru hakufuti Kodi ya Ongezeko la Thamani ya nchi unayoingia: 18 kwa mia Tanzania, Uganda na Rwanda, na 16 kwa mia Kenya. Wengi hushtukia hapo. Tuchukue mfano wa kazi za dola 4,000 kutoka Nairobi kwenda Dar es Salaam, na tuseme zimepangiwa ushuru wa asilimia 25. Bila cheti utatakiwa dola 1,000 za ushuru, kisha asilimia 18 ya 5,000, yaani 900. Jumla 1,900, bila kuhesabu tozo ndogondogo. Ukiwa na cheti, inabaki 18 kwa mia ya 4,000, yaani dola 720.

Lakini msanii hajui kama atauza. Anakwenda kuonyesha, na huenda akarudi na kazi zote. Kwa hali hiyo Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaruhusu kuingiza kwa muda. Mwenye mzigo, kupitia wakala wa forodha, huomba kuingiza kazi kwa ajili ya maonyesho, huweka dhamana au amana inayolingana na kodi ambazo zingelipwa, na hupewa muda usiozidi miezi 12. Kazi zikirudi zilipotoka, dhamana inafunguliwa. Zikiuzwa tatu za dola 1,500 kwa jumla, zinalipiwa kodi hizo tatu peke yake (katika mfano wetu, zikiwa na cheti, dola 270) na nyingine zinarudi.

Utaratibu huu hufanikiwa au hufeli kwenye orodha. Kila kazi iwe na namba yake, picha, vipimo, uzito na bei, na namba hiyo iandikwe pia kwenye kasha. Afisa wa kutokea lazima aone kwamba anayoyaona ndiyo yaliyoingia. "Sanamu sita za udongo" haitoshi. Sanamu ikivunjika katika maonyesho usitupe vigae. Vitunze, vipige picha, mjulishe wakala, kwa sababu kwenye vitabu vya forodha sanamu ile bado iko nchini na inadaiwa kodi.

Upande wa nchi unayotoka nako kuna kazi. Msanii akiondoka bila kutangaza kwamba anatoa kazi kwa muda, siku ya kurudi hana cha kuonyesha kwamba ni zake na zilitengenezwa nyumbani. Wapo waliojikuta wanadaiwa kodi ya kuingiza sanamu walizozifinyanga wenyewe nyuma ya nyumba zao.

Kwa wanaokwenda nje ya Jumuiya, cheti hubadilika. Mkenya anayepeleka kazi Lusaka atatumia cheti cha COMESA, na Mtanzania anayepita Tunduma atatumia cha SADC, kwa sababu Tanzania si mwanachama wa COMESA. Kongo imo katika zote tatu, yaani COMESA, SADC na, tangu mwaka 2022, Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Kufunga na kupakia

Kanuni ya kufunga sanamu ya udongo ni boksi ndani ya kasha. Sanamu huviringishwa kwanza kwa karatasi laini isiyo na maandishi. Gazeti halifai, wino wake huhamia kwenye udongo. Nailoni ya mapovu isiguse uso uliosuguliwa moja kwa moja, maana huacha alama za duara; iwe juu ya karatasi, mapovu yakitazama nje. Baada ya hapo sanamu huwekwa kwenye boksi lenye sponji iliyokatwa kufuata umbo lake, na boksi hilo huingizwa kwenye kasha la mbao lenye sponji nene pande zote sita. Sehemu zilizotokeza kama mikono, masikio na shingo ziachiwe nafasi bila kubanwa. Uzito ubebwe na kitako na tumbo.

Kasha lifungwe kwa skrubu. Wapo mafundi watakaokuambia misumari ni haraka zaidi, na ni kweli, lakini afisa akitaka kuona kilichomo, misumari hung'olewa kwa nyundo na mtaimbo, na kila pigo linafika kwenye udongo. Skrubu hufunguliwa na kurudishwa kimya kimya.

Mbao nazo zina sheria yake. Kasha la mbao mbichi linalovuka mpaka linapaswa kuwa limetibiwa kwa mujibu wa kanuni ya kimataifa ya ISPM 15. Njia ya kawaida ni kupashwa joto hadi moyo wa ubao ufike nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, na kasha hupigwa mhuri wa alama ya ngano. Mbao za tabaka zilizogandishwa kwa gundi na joto, zile za plaiwudi, hazihitaji mhuri huo, ndiyo maana mafundi wa makasha ya sanaa huzipenda. Majani makavu, nyasi na migomba, ambavyo ndivyo vifungio vya vyungu tangu enzi, viache nyumbani. Afisa wa afya ya mimea atauliza cheti cha mmea kwa nyasi ulizoziokota bure.

Michoro hulazwa au kusimamishwa kulingana na ilivyo. Isiyo na fremu hulazwa bapa kati ya kadibodi mbili ngumu, na karatasi isiyo na asidi kati ya mchoro na mchoro. Kuikunja kwenye bomba ni kwa dharura tu, na kwa mchoro wa makaa hata dharura isikubaliwe. Yenye fremu husimamishwa wima kwenye kasha lenye vijia. Ikiwa imefunikwa kwa kioo, bandika utepe wa karatasi, ule wa mafundi rangi, kama matundu ya wavu juu ya kioo chote, ili kikipasuka vipande visikate mchoro. Wengine hutumia plastiki ngumu badala ya kioo kwa sababu haipasuki, na kwa kalamu ya risasi na wino ni sawa. Kwa makaa na chaki si sawa, kwa kuwa plastiki hiyo huwa na umeme tuli unaonyonya unga wa mchoro ukaubandika juu. Na usizingire karatasi kwa nailoni isiyopumua ukiwa Mombasa mchana. Unyevu uliomo utafungiwa ndani, na usiku wa baridi wa Limuru utaugeuza maji.

Kwenye gari, makasha ya sanaa yakae kati ya ekseli, karibu na kichwa cha gari, siyo nyuma ya ekseli ya mwisho ambako kila tuta hurusha mzigo juu. Yafungwe kwa mikanda, mishale ya juu ikitazama juu, na kitu kingine kisipandishwe juu yake hata kikiwa chepesi. Gari tupu sana hurukaruka kuliko lenye uzito wa wastani, kwa hiyo mzigo mwingine uliotulia sakafuni ni msaada. Saruji na mbolea si wenza wazuri wa karatasi. Mwambie utingo mapema kilichomo. Kuandika "hatari, vioo" kwenye kasha hakumsaidii mtu anayeshusha saa tisa usiku akiwa na usingizi.

Nani analipa kikivunjika

Kabla ya kupakia, fungua, tazama na piga picha kila kazi ukiwa na msanii au mwakilishi wake, kisha nyote mtie saini. Sanamu za udongo huweza kuwa na nyufa nyembamba kama unywele zilizotokea kwenye tanuri. Kwa idhini ya mwenye nayo, gonga taratibu kwa kifundo cha kidole kama wanavyofanya akina mama sokoni: iliyo nzima hulia, iliyopasuka hukoroma. Ufa usioandikwa siku ya kupakia utakuwa wako siku ya kushusha. Wengi wa waliobeba lawama wameibeba kwa kukosa dakika 20 za kazi hiyo.

Bima ya mzigo isomwe masharti yake. Masharti yanayotumiwa na kampuni nyingi duniani hayalipi hasara iliyotokana na ufungaji mbovu, wala udhaifu wa asili wa kitu chenyewe, wala ucheleweshaji. Hilo la tatu lina uzito hapa. Gari likikaa siku nne mpakani na maonyesho yakafunguliwa kuta zikiwa tupu, hakuna bima ya kawaida itakayofidia. Kwa hiyo nyaraka zitumwe kwa wakala wa upande wa pili kabla gari halijaondoka, jambo linalowezekana chini ya Himaya Moja ya Forodha, na bei ya safari ihesabu siku mbili za akiba. Galari zenye uzoefu hukata bima inayoanza kazi inapotolewa mahali ilipo kwa msanii hadi inaporudi hapo hapo, ikijumuisha muda wa maonyesho. Uliza kama ipo, na kama jina lako kama msafirishaji limetajwa.

Kazi zitakazouzwa zina kodi zake, na Kenya kuna jambo la nyongeza: marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2019 yanampa msanii asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena kupitia soko la sanaa. Hilo linamhusu muuzaji kuliko dereva, ila mfanyabiashara anayenunua sanamu ili aiuze tena Nairobi aliweke kwenye hesabu zake.

Makasha matupu nayo, na sponji zake zilizokatwa kwa umbo, yasitupwe wala kupewa wauza kuni baada ya kushusha. Yawekwe mahali pakavu pale pale kwenye galari, yakiwa na namba zake, kwa sababu kazi zisizouzwa zitarudi kwa njia ile ile, na mara nyingi zinafungwa haraka haraka usiku wa mwisho wa maonyesho na watu ambao hawakuwepo siku ya kuzifungua.